Maswali ya Wasomaji: Tumbaku Baada ya Saratani

Katika toleo lililopita nilieleza kwa ufupi kazi ya Linda Sarna, muuguzi mtafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, aliyechunguza kwa miaka mingi hali ya maisha ya watu wanaoishi na saratani ya mapafu, hasa wanawake, pamoja na nafasi ya muuguzi katika kuwasaidia wagonjwa waache tumbaku. Barua nyingi zilizofuata zimetoka Lamu. Nimechagua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu swali lake nimelisikia katika nyumba nyingi.

Bibi Muuguzi, assalaam alaikum. Baba yangu ana miaka 67 na ana saratani ya koo. Ameanza kuchomwa kwa miale Mombasa, na kila akirudi nyumbani Langoni huketi barazani akawasha sigara. Madaktari hawakumwambia kitu kuhusu sigara, na sisi tukimkataza hutujibu, "Maji yakimwagika hayazoleki, niacheni na starehe yangu." Je, kuacha sasa kuna faida, au tunamtesa bure? — Binti wa Langoni

Wa alaikum salaam, binti yangu. Faida ipo, tena kubwa, na ningependa baba yako aisikie ikielezwa kwa sababu zake, asiisikie kama karipio.

Mwaka 2014, miaka 50 baada ya ripoti yake ya kwanza ya mwaka 1964 kuhusu uvutaji, ofisi ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ilitoa ripoti iliyopitia ushahidi juu ya watu ambao tayari wana saratani. Ilihitimisha kwamba mgonjwa anayeendelea kuvuta huongezewa hatari ya kufa kwa saratani hiyo na kwa maradhi mengine, na huongezewa pia hatari ya kupata saratani ya pili inayotokana na tumbaku. Anayeacha huyaboresha matarajio yake. Kwa hiyo maji ya baba yako hayajamwagika yote. Mtungi umepasuka, lakini bado una maji ndani, na kila sigara anayowasha inaupanua ufa.

Sasa tuitazame tiba yenyewe. Miale huziua seli za saratani vizuri zaidi pale zinapokuwa na oksijeni ya kutosha. Moshi wa sigara una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu na kukikalia kiti cha oksijeni, hivi kwamba damu inayofika kwenye uvimbe huwa na upungufu. Baba yako anasafiri kwa mashua hadi Mokowe, kisha kwa basi hadi Mombasa, ili achomwe. Halafu sigara ya barazani inaidhoofisha kazi ya safari ile yote. Zaidi ya hayo, koo na kinywa kilichopigwa miale hukauka na kufanya vidonda, na moshi huvichelewesha kupona. Akipangiwa upasuaji, kidonda cha mvutaji hufunga polepole na huingiwa na usaha kwa urahisi. Akipewa dawa za saratani, ziko baadhi ambazo mwili wa mvutaji huziondoa kwa haraka kuliko inavyotakiwa, na ndiyo maana lazima daktari wake ajue ukweli kuhusu sigara, akivuta na hata siku atakapoacha.

Huenda ukasema kwamba haya yote baba hayataki. Hapo ndipo ningependa tuwe waangalifu. Nikotini hufika ubongoni kwa muda wa sekunde chache tangu mtu avute, na ubongo uliozoea miaka 40 huidai kama mwili unavyodai maji. Mtu aliyeambiwa ana saratani huongezewa hofu, na sigara ndiyo tulizo pekee analolijua. Kumwita mkaidi ni kumdhulumu. Jambo moja analoweza kujivunia ni kwamba, kama wavutaji wengi wa Lamu, bila shaka amewahi kufunga Ramadhani nzima bila kugusa sigara kutoka alfajiri hadi magharibi. Uwezo huo anao. Lakini wengi huuliza kwa nini basi Ramadhani haiwaachishi moja kwa moja, na jibu ni kwamba dhiki ya kukosa nikotini, ile ambayo vijana wetu huiita arosto, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu baada ya kuacha kabisa, kisha hupungua taratibu kwa wiki kadhaa. Anayewasha kila jioni baada ya futari huwa anairudia ngazi ya kwanza kila usiku, wala haivuki ile ya juu kabisa.

Kwa sababu hiyo usimwachie apigane peke yake. Vibandiko na chingamu za nikotini huupa mwili nikotini kidogo kidogo bila moshi, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Kwa mwenye vidonda vya koo kibandiko cha ngozi ndicho kinachofaa zaidi kuliko cha kutafuna, ila aulizwe kwanza daktari anayemtibu. Ipo pia nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, isiyolipiwa, ambapo hupatikana mshauri wa mambo ya uraibu. Na wanaume wa nyumba hiyo wanaovuta, kama wapo, wavutie mbali naye. Utafiti wa Sarna na wenzake juu ya wanawake wenye saratani ya mapafu uliliangalia pia jambo hilo la moshi wa watu wa nyumbani, na yeyote aliyewahi kujaribu kuacha anajua jinsi harufu ya sigara ya jirani inavyomrudisha mtu nyuma.

Umesema madaktari hawakumwambia kitu. Naomba nikiri langu. Miaka mingi iliyopita, katika kituo kimoja cha afya, aliletwa mzee aliyekuwa rafiki wa marehemu babu yangu, akiandaliwa kwenda kupasuliwa. Kanzu yake ilinuka sigara, na ncha za vidole viwili vya mkono wake wa kulia zilikuwa na rangi ya manjano iliyoiva. Kwenye fomu palikuwa na mstari unaouliza kama mgonjwa anatumia tumbaku. Niliona haya kumuuliza mtu niliyekuwa nikimwamkia shikamoo tangu utotoni, nikaandika "hapana" na kugeuza karatasi. Kidonda chake kilichukua muda mrefu mno kufunga. Siku moja nikimbadilishia bendeji aliniambia kwa upole, "Mjukuu wangu, hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia." Tangu siku hiyo sijaikubali tena adabu ya namna ile. Kumuuliza mzee kwa heshima, tena faraghani, ndiyo adabu yenyewe.

Basi mwombe muuguzi wa kliniki akae na baba peke yake, amuulize anavuta ngapi na anaogopa nini akiacha. Kisha ninyi watoto nyamazeni kidogo.

Shangazi yangu wa Mkomani alitolewa uvimbe shavuni miaka miwili iliyopita na tukamshukuru Mungu. Sigara hajapata kuigusa maishani mwake, lakini tambuu haimtoki kinywani. Anasema haina moshi, kwa hiyo haina neno. Ni kweli? — Mpwa wake

Si kweli, na nalisema kwa huzuni, maana najua kijaluba cha tambuu kina nafasi gani katika nyumba zetu. Nimekua nikiona jani likipakwa chokaa, popoo ikikatwa kwa mkasi wake, kipande cha tumbaku kikiwekwa juu na jani kukunjwa, kisha anapewa mgeni kabla hata hajaulizwa habari za safari. Harusi bila tambuu ilionekana pungufu. Hata neno uraibu, ambalo sasa tunalitumia kwa kila dawa ya kulevya, wazee wetu walilitumia kwa vitu hivyo vilivyo kwenye sinia ya tambuu, na mimi huona kwamba lugha ilitangulia kujua.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, limeihesabu tambuu yenye tumbaku kuwa ni kisababishi cha saratani kwa binadamu. Limeihesabu hivyo hivyo tambuu isiyo na tumbaku, na popoo peke yake. Kwa hiyo shangazi akitoa tumbaku na kubakiza popoo, atakuwa amepunguza tu. Kuberi ambayo vijana huiweka chini ya mdomo nayo ni tumbaku, hata kama inauzwa katika pakiti yenye rangi za peremende.

Kwake yeye jambo hili lina uzito wa pekee. Sumu ya miaka mingi haikugusa pale tu palipoota uvimbe. Imepita juu ya ngozi yote ya ndani ya kinywa, na ndiyo maana aliyewahi kupata saratani ya kinywa yumo katika hatari ya kupata nyingine kando yake. Kila wiki akae mlangoni penye mwanga wa asubuhi, na wewe umtazame: mabaka meupe au mekundu, kidonda kisichopona kwa wiki mbili, uvimbe shingoni, au kinywa kinachozidi kuwa kigumu kufunguka. Ukiona chochote kati ya hivyo, usingoje siku ya miadi. Na mkono uliozoea kushika kijaluba upewe kitu kingine; wako waliofaulu kwa karafuu moja na maji, ingawa karafuu si dawa ya uraibu, ni shughuli tu ya kinywa.

Mimi ni mama wa Shela, nina saratani ya mapafu. Sijapata kuvuta. Kila anayekuja kunitazama huniuliza, "Ulikuwa ukivuta?" Nimechoka. — Mama wa Shela

Pole sana, dada yangu. Tumbaku ndiyo kisababishi kikubwa cha saratani ya mapafu, lakini si cha pekee. Wapo wengi waliougua kwa moshi wa wengine, kwa vumbi la asbesto, kwa sababu nyingine, au bila sababu iliyojulikana. Swali hilo kutoka kwa muuguzi ni sehemu ya matibabu. Kutoka kwa jirani aliyekuja kukujulia hali ni hukumu, hata kama hakukusudia, na ingekuwa hukumu vilevile kama ungekuwa umevuta. Una haki ya kujibu, "Niombee," na kuanza mazungumzo mengine.

Ningependa pia usijihesabu nje ya watu tunaowaita manusura. Kwetu pwani neno hilo hutupeleka kwenye jahazi lililozama na wachache waliofika ufuoni. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani humhesabu mtu hivyo tangu siku anapoambiwa ana saratani, hata akiwa bado majini. Haja zako za usingizi, pumzi, maumivu na hofu ni za kushughulikiwa leo.

Mimi ni muuguzi wa kiume, Lamu. Natoa ushauri wa kuacha sigara mchana, na jioni navuta nyuma ya nyumba. Nina haki gani ya kumshauri mgonjwa? — Mwenzako wa kazi

Mwenzangu, hukuwa wa kwanza. Mwaka 2003 Sarna, pamoja na Stella Bialous na wenzao, walianzisha nchini Marekani mpango uitwao Tobacco Free Nurses kwa sababu hiyo hasa: waliona kwamba muuguzi anayevuta huona haya kumgusia mgonjwa habari za tumbaku, na hakuna aliyekuwa akimsaidia yeye mwenyewe. Walipochambua takwimu za utafiti mkubwa wa afya ya wauguzi wa huko, walikuta kwamba mwaka 1976 takriban theluthi moja ya wauguzi walioshiriki walikuwa wakivuta, na kufikia mwaka 2003 walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Watu hao walikuwa na zamu za usiku kama zako, na vifo vya wagonjwa kama vyako.

Haki ya kumshauri mgonjwa unayo, na wajibu pia. Endelea kuuliza, kushauri na kumwelekeza penye msaada. Dakika mbili au tatu zinatosha kuanza. Huna haja ya kumwambia kwamba wewe ni msafi.

Barua yako haikutaja unavuta ngapi kwa siku, wala ya kwanza huiwasha saa ngapi. Anayewasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka huwa uraibu wake ni mzito zaidi na huhitaji msaada wenye nguvu zaidi. Niandikie hayo mawili. Jibu nitakuletea mwenyewe, bila kulichapisha.