Kabla hujafungua vitabu vya ushirika wa kijiji

Wewe unayeanza ukatibu au uhasibu katika chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa kijiji, soma historia kabla ya mizania. Maswali ya wazee kwenye mkutano mkuu yanatoka humo.

Anza na Litowa, Songea. Mwaka 1960 vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walikwenda kuanzisha shamba la pamoja. Jaribio la kwanza lilikwama, wakarudi 1961. Kilichowabeba ni kwamba wanakijiji wenyewe walipanga kazi na kuamua mavuno yagawanywe vipi. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika Chama cha Maendeleo Ruvuma, kikawa na mashine ya kusaga nafaka na kiwanda cha mbao. Walianza miaka kadhaa kabla ya Azimio la Arusha! Septemba 1969 chama hicho kilipigwa marufuku na mali zake zikachukuliwa. Bado naumia nikikumbuka, maana pale palikuwa na darasa ambalo nchi nzima ingejifunza.

Ikaja Operesheni Vijiji, wengi wakahamishiwa vijijini kwa nguvu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, yaani miungano ya vyama vya msingi, vikavunjwa, mazao yakawa ya mamlaka za serikali, hadi sheria ya 1982 iliporudisha ushirika. Kwa hiyo mzee akikuuliza hela yetu iko wapi, usimwone mkorofi. Ameshaona mali ya pamoja ikiondoka bila yeye kuulizwa.

Mjibu kwa kazi. Mkulima asome mizani mwenyewe na aondoke na stakabadhi yake siku hiyohiyo. Kubwa zaidi ni makato. Bei ya mnada, mazao yanapouzwa kwa wanunuzi, siyo anayopokea mkulima mkononi: kuna ushuru wa halmashauri, wa chama cha msingi, wa chama kikuu, gharama za ghala na usafiri. Bandika kila kato kwa kilo ukutani kabla ya msimu, kwa sababu kato halali lisiloelezwa huonekana wizi.

Pembejeo za mkopo zinahitaji uangalifu wa pekee, hasa kwenye tumbaku, ambako wanachama hudhaminiana. Mmoja akitorosha mazao, yaani akiyauza nje ya chama, wenzake ndio hukatwa. Orodha ya wakopaji na kiasi cha kila mmoja isomwe mkutanoni, kwa sauti, kabla mbolea haijatoka ghalani. Anayeona jirani yake amekopa kupita uwezo wa shamba lake apate nafasi ya kusema, na pingamizi lake liandikwe kwenye muhtasari.