Unga wa sokoni umenituliza magoti, lakini uso umejaa. Niendelee nao?

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa miaka 61, nakaa Tanga, nauza vitumbua na chai asubuhi. Huu mwaka wa nne magoti yananitesa, la kulia zaidi. Nikitaka kuinuka kwenye kigoda lazima nishike ukuta. Majirani wanasema ni baridi yabisi, nisiguse maji ya baridi. Hospitali nilipigwa picha, nikaambiwa magoti yamesagika, nikapewa diklofenaki, vidonge vya maumivu. Tangu Ramadhani natumia dawa ya unga niliyouziwa sokoni. Siku ya pili tu nilirukuu na kusujudu bila maumivu. Ila sasa uso umejaa, na juzi presha ilikutwa iko juu. Niendelee? Na je, nipunguze kutembea ili magoti yasizidi kusagika?
Mama Vitumbua, Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Nianze na huo unga, maana ndio ulionitia hofu niliposoma barua yako.

Goti lililouma miaka minne halitulizwi na mizizi kwa siku mbili. Unga na vidonge vya namna hii, visivyo na jina wala lebo, vimekutwa mara nyingi vimechanganywa na prednisoloni au deksamethasoni. Hizo ni dawa za hospitali, zenye nguvu kweli, zinazofanana na homoni ambayo mwili hujitengenezea kwenye tezi zilizo juu ya figo. Maumivu huondoka haraka, lakini ukizitumia kwa miezi uso hujaa, presha na sukari hupanda, na mifupa hupungua nguvu. Marehemu mama yangu alitumia vidonge vya aina hiyo miaka mitatu, mimi niko chuoni sijui lolote. Aliteleza uani, akajishika kwa mkono, na kiwiko cha mkono kikavunjika kwa kuanguka ambako mtoto angeinuka akacheka. Ndiyo maana sitaki uchukulie jambo hili kwa wepesi.

Lakini mama, usiuache ghafla leo. Kama unga huo una dawa hizo, tezi zako zimezoea kupumzika, na ukikata mara moja unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka hadi ukaanguka. Nenda hospitali wiki hii, ubebe unga wenyewe na karatasi yake, wakupime presha na sukari, na daktari akupangie namna ya kupunguza kidogo kidogo. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda siku hiyo hiyo: unga wa namna hiyo pamoja na diklofenaki huweza kuchimba tumbo mpaka likavuja damu. Tena kwa presha yako, vidonge vya diklofenaki si rafiki. Muulize daktari kuhusu ile ya kupaka juu ya goti.

Sasa hilo jina, baridi yabisi. Yabisi ni ukavu, kukakamaa, na hapo wazee walipatia. Baridi ndiyo iliyotupoteza. Maji ya baridi hayasagi goti, ingawa asubuhi ya baridi unaweza kuhisi limekaza zaidi. Na chini ya jina hilo moja tumefunika magonjwa kadhaa ambayo dawa zake ni mbalimbali. Lako, kwa umri wako na kwa ile picha, ni kulika kwa gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa. Binti wa miaka 35 anayeamka na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, vikakaza saa nzima au zaidi, huyo kinga yake ya mwili inashambulia viungo vyake mwenyewe. Anahitaji mapema methotrekseti, dawa ya kuituliza kinga hiyo, tena mara moja kwa wiki, si kila siku, kabla vidole havijapinda. Kidole gumba cha mguu kinachowaka usiku ghafla huwa ni jongo. Nasi wa pwani tuna chikungunya, homa ya mbu inayoweza kuacha viungo vikiuma kwa miezi. Jina lake ni la Kimakonde, la kujikunja, kwani ilitambuliwa huko uwanda wa Makonde mwaka 1952. Na goti moja likivimba, likawa la moto, ukapata homa, usingoje kesho.

Kutembea usiache. Gegedu haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kwa majimaji yanayoingia na kutoka goti linapojongea. Ukikaa tu, msuli wa paja unalegea na mzigo wote unaliangukia goti. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mpaka uwe sawa, hesabu hadi tano, shusha taratibu. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Ukilala, kunja kanga, iweke chini ya goti, ikandamize. Maumivu kidogo yanayoisha kufika kesho yake hayana neno. Goti likiamka limevimba, punguza. Ipe wiki nane.

Kigoda ndicho adui yako mkubwa. Fundi akutengenezee meza ya kuinulia jiko, nawe ukae kwenye kiti kirefu. Chooni, kiti cha mbao kilichotobolewa katikati kitakuokoa. Sali ukiwa umekaa kitini bila kuona vibaya, dini imekuruhusu. Bakora ishike mkono wa kushoto, kwa kuwa goti baya ni la kulia. Wengi huishika upande unaouma. Na kama mwili umeongezeka, kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua.

Ukishaonana na daktari kuhusu unga, omba akuandikie uende chumba cha fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Ukifika, usionyeshe picha tu. Mwambie mtaalamu akutazame unavyoinuka, kwanza kwenye kiti, kisha kwenye kitu kifupi kama kigoda chako.