Unataka kuanza tafti? Kabla ya mashine, tafuta kitambaa na fremu

Tafti ni kutengeneza zulia kwa kuchomeka uzi kwenye kitambaa kilichovutwa kwenye fremu. Watu wakiona video ya mtu anapitisha mashine kwenye kitambaa na kapeti la manyoya linaota hapohapo, swali la kwanza wanalonitumia ni lilelile: nianze na mashine gani? Na mi jibu langu halibadiliki, weka hela yako kwanza kwenye kitambaa na fremu. Mashine ya kawaida kabisa ikikutana na kitambaa sahihi kilichovutwa vizuri inatoa kazi safi, ila mashine ya bei kali kwenye kitambaa kilicholegea haikusaidii kitu, unashona huku na uzi unachomoka kule. Naandika nikiwa Tabora kwa hiyo nitataja ninavyovipata hapahapa na vile ambavyo lazima uagize.

Kitambaa chenyewe cha tafti ni mchanganyiko wa polyesta na pamba, kimefumwa kwa nyuzi nene na kina vijitundu unavyoviona ukikiinua kwenye mwanga, na mara nyingi kina mistari myembamba ya rangi inayokuonyesha kama umevuta sawasawa au umevuta upande. Kazi yake ni nzito. Sindano inapotoboa inatakiwa isukume nyuzi za kitambaa pembeni bila kuzikata, afu zile nyuzi zirudi zibane uzi wako, na kule kubana ndo kunakoshikilia zulia zima mpaka siku utakapopaka gundi. Sasa huku kwetu mtu akisikia kitambaa kigumu anakimbilia gunia la juti, yale ya kufungia tumbaku, maana yapo na bei yake ni rahisi. Kwa sindano ya mkono juti linafaa, ila kwa mashine hapana jamani, nyuzi zake ni kavu, zinakatika, ukirudia mistari miwili mitatu sehemu moja unabaki na tundu linalopitisha vidole na hapo hakuna tena cha kushikilia uzi. Turubai nalo limebana mno, sindano inahangaika. Hiki kitambaa agiza tu, na kiwe kimezidi fremu kwa kama sentimita 10 kila upande, bila hivyo utakosa pa kushika wakati wa kuvuta.

Fremu sasa. Tabora ukimwambia fundi seremala unataka mbao atakutajia mninga, na kweli mninga ni mbao ya heshima, lakini kwa fremu ya kujifunzia ni gharama bure na ni nzito kuhamisha. Chukua paini ya inchi mbili kwa tatu, iliyokauka, iangalie kwa jicho moja toka ncha hadi ncha kama imenyooka, maana mbao mbichi ikishapigwa na jua la huku la mwezi wa tisa inajikunja na fremu yote inakwenda upande. Mwambie fundi akuwekee kona za chuma au vipande vya plaiwudi pembe zote nne, usikubali misumari mitupu. Mita moja kwa mita moja inatosha kuanzia, ila ujue hutashona mita nzima, mashine haifiki karibu na mbao kwa hiyo eneo lako la kazi linapungua kila upande. Na fremu isimame wima, ifungwe kwenye meza nzito au ukutani kabisa, kwa sababu kazi yote ni kusukuma, ikitikisika na wewe unatikisika.

Kwenye uso wa fremu unapigilia gripa, zile fito nyembamba zenye vimisumari vilivyolala ambazo mafundi wa kapeti za ukuta hadi ukuta wanazitumia pembeni mwa chumba. Ncha ziangalie nje, mbali na katikati ya fremu. Kama hujazipata, misumari midogo ya inchi moja isiyo na kichwa, ipigwe kwa kulala kuelekea nje, karibukaribu, inafanya kazi ileile, inakula muda tu. Kuvuta nako kuna utaratibu wake, anza katikati ya upande mmoja, nenda katikati ya upande unaotazamana nao, kisha pande mbili zilizobaki, kona ziwe za mwisho, afu zunguka tena upya unavuta na kuchomeka, na tena, mpaka ukigonga kwa kidole kiitike kama ngoma. Kiache kidogo, rudi ukigonge tena utakuta kimelegea, kivute. Hapa ndo watu wengi wanachoka na ndo pasipotakiwa kuchoka, vaa glovu maana zile ncha hazina huruma.

Haya, mashine. Kuna inayokata uzi, inaacha manyoya, na kuna inayoacha vitanzi. Zile zinazoitwa AK-I zinakata tu, AK-Duo inafanya yote mawili ila kubadilisha kutoka hii kwenda ile ni kufungua na kurekebisha vyuma. Kwa anayeanza mi nasema chukua inayokata tu. Ina vitu vichache vya kuharibika, na manyoya yakishanyolewa yanaficha mistari iliyopinda, wakati vitanzi vinaonyesha kila kitu. Kabla hujalipia muulize muuzaji picha ya maandishi ya adapta, isomeke inapokea mpaka volti 240, kwa sababu umeme wetu ni 230 na zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani za volti 110 na kitu, hiyo ukiichomeka ukutani imeenda. Uliza pia kama inakuja na mkasi wa akiba, spana zake na kile kiwaya cha kupitishia uzi. Mafuta ni yaleyale ya cherehani, tone moja moja kwenye vyuma vinavyosuguana, futa yaliyozidi yasichafue uzi. Ukiwa unapitisha uzi chomoa umeme, na ushungi, khanga, nywele ndefu, vyote vifungwe nyuma kabla hujaishika.

Na kama hela ya mashine haipo usikae tu ukisubiri. Tafti yenyewe ilianzia mkononi, mwaka 1895 binti wa miaka 15 aitwaye Catherine Evans, kule Dalton, jimbo la Georgia, Marekani, alitengeneza shuka la kitandani la nyuzi zilizochambuka, majirani wakapenda, ikawa biashara ya mji mzima na leo Dalton ndo wanauita mji mkuu wa makapeti duniani. Kuna sindano nene ya mkono yenye tundu katikati, unatoboa unaacha kitanzi, unatoboa unaacha kitanzi. Fremu ni hiihii, na hapo sasa lile juti la tumbaku lina kazi.

Uzi ndo sehemu tamu kwangu. Sufu ni nzuri sana ila kwa huku kuipata ni shughuli, akriliki inatosha kabisa, haifubai haraka na inafulika. Usikimbilie zile dazeni za viduara vidogo vya kufumia kofia za watoto, mashine inakula uzi kwa kasi na kiduara kikikwama kidogo tu uzi unavutika na manyoya yanatoka mafupi au hayatoki. Unataka koni. Na koni zipo, nenda kwa mafundi wanaofuma masweta ya shule kwa mashine, mi naenda kwa dada mmoja mtaa wa Isevya, ananiuzia kwa kilo rangi zinazombakia, bluu ya giza, marun, kijani, kijivu. Uzi wao ni mwembamba kwa hiyo unaunganisha nyuzi kadhaa pamoja, jaribu nne kwanza, ukiona zulia limekaa wazi ongeza, ukiona mashine inakwama punguza. Koni zikae chini, uzi upande juu upite kwenye ringi iliyofungwa juu ya fremu ndo ushuke kwenye mashine, uje wenyewe bila kuvutwa.

Kujua kiasi cha kununua ni rahisi, pima uzi kwenye mizani, shona kipande cha sentimita 20 kwa 20, pima tena uliobaki. Ulichotumia zidisha mara 25, hiyo ni mita moja ya mraba. Nunua rangi yote kwa mkupuo mmoja, maana bluu ya mzigo wa leo na bluu ya mzigo ujao zinatofautiana na kwenye zulia inaonekana wazi.

Kuchora tumia maka peni, na kumbuka unashona kwa nyuma hivyo mchoro ugeuzwe. Jirani aliniagiza zulia la sebuleni lenye neno TABORA, T, A na O ukizigeuza zinabaki vilevile, ila B na R lazima zitazame upande mwingine na neno lianzie kulia.

Gundi iwe ya mpira ya maji, ile nyeupe ya makapeti. Gundi ya mbao ikikauka inakuwa ngumu na zulia halikunjiki, na ile ya viatu harufu yake ndani ya chumba si ya kuchezea. Paka zulia likiwa bado kwenye fremu, sukuma kwa kipande cha plastiki iingie kati ya nyuzi, liache siku nzima likauke, kifuku liache zaidi. Ndo ulitoe.

Kunyoa, mashine ya kinyozi inatosha. Vaa barakoa na ufanyie nje, lile vumbi la nyuzi linaingia kifuani. Nyuma bandika kitambaa kizito cha maradufu ukunje na pindo, na kama sakafu ni ya tailsi weka chini kile kimpira cha kuzuia kuteleza, hasa nyumba yenye bibi au watoto wanaokimbia.