Besiboli ya chuo: usisubiri kutafutwa

Mdogo wangu, unasema uko darasa la 11 huko Marekani, unajifua kila alfajiri, na hakuna kocha wa chuo aliyekupigia. Basi anza wewe: rekodi video fupi ukipiga, ukirusha na ukidaka, uwatumie makocha. Na vitabu usiviache! Daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hudai masomo 16 ya msingi ya sekondari. Mkono mzuri haufuti alama mbovu. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo, ila upo wa masomo. Binafsi nisingedharau vyuo vya miaka miwili: huko waweza kupata nafasi ya kucheza mapema badala ya kusugua benchi, halafu ukahamia chuo kikubwa. Bega likiuma, sema siku hiyohiyo.