Maswali ya Wasomaji: Laki Mbili za Sadaka Nizipeleke Wapi?

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa korosho wilayani Newala, mjane mwenye watoto watatu. Msimu huu, baada ya malipo ya mnada kuingia benki na baada ya kumaliza deni la salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, nimebakiwa na shilingi 200,000 ambazo nimenuia kuzitoa sadaka. Tangu majirani wajue kwamba malipo yametoka, maombi hayakauki: msikiti wetu unaezekwa, shangazi anataka nauli ya kwenda hospitali ya Ndanda, na katika kundi letu la simu imetumwa picha ya mtoto mwenye uvimbe shingoni, pamoja na namba ya kutumia fedha. Picha hiyo imeninyima usingizi na nusura nitume zote usiku ule ule. Nifanyeje ili nitoe kwa haki? – Mama wa watatu, Newala

Jibu: Mama yetu wa Newala, pole kwa kulea peke yako, na Mungu aipokee nia yako. Umefanya vyema kungoja kupambazuke, kwa sababu picha ina nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Marekani, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu walipewa dola tano kila mmoja, kisha wakaombwa kuchangia wenye njaa barani Afrika. Waliosoma habari za mtoto mmoja wa Mali, msichana wa miaka saba aitwaye Rokia, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosomewa takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa dola 1.14. La kushangaza ni kundi la tatu, lililopewa habari za Rokia pamoja na takwimu hizo: nalo lilishuka hadi dola 1.43, kana kwamba hesabu ya wengi iliupoza moyo uliokwisha kumhurumia mmoja.

Simaanishi kwamba moyo wako ulikosea kumlilia mtoto yule. Ninachosema ni kwamba anayepigwa picha ni yule mwenye ndugu mwenye simu nzuri na anayejua kuandika ombi. Bibi wa kitongoji cha pili anayelala na njaa hana wa kumpiga picha, na tukiacha picha zituchagulie, sadaka zetu zote zitampita mlangoni.

Kwa hiyo, kuhusu mtoto huyo, ipigie namba hiyo simu mchana. Uliza yuko hospitali gani, wodi gani, na kama amekwisha kuandikiwa gharama. Ikiwa ni hospitali ya Serikali, omba kumbukumbu namba ya malipo, kwa kuwa namba hiyo unaweza kuilipia kwa simu yako ukiwa Newala, fedha ikaingia moja kwa moja kwenye bili ya mgonjwa bila kupita mkononi mwa mtu. Mzazi mwenye mgonjwa wa kweli hachukizwi na maswali hayo; mara nyingi hufurahi kwamba kuna mtu aliyejali kiasi cha kuuliza.

Shangazi asisubiri. Kwa sisi Waislamu, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba sadaka kwa jamaa ina ujira wa mambo mawili, sadaka yenyewe na kuunga udugu; nao Wakristo wana mafundisho yao ya kuanza na wa nyumbani. Mlipie nauli, umwongezee kidogo cha vipimo. Msikiti nao uupe kwa kadiri yako, ukikumbuka kwamba mchango wa bati husimamiwa na kamati na husomwa mbele ya waumini, hivyo una wasemaji wengi kuliko mgonjwa wa ndani. Ikiwa katika hizo 200,000 kuna sehemu uliyoikusudia kuwa zaka, itenge mbali na nyingine, kwa kuwa wanaostahiki zaka wametajwa katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60, na kila madhehebu yana kauli yake kuhusu mazao kama korosho. Hilo mwulize sheikh wako.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kila mkulima wa Mtwara na Lindi alifikirie. Fedha yetu ina msimu, na shida nayo ina msimu wake, na misimu hiyo miwili haikutani. Malipo huingia kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, na hapo ndipo waombaji hujaa na sisi hutoa kwa mikono miwili. Ikifika Januari shule zinafunguliwa: ada iliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa mzazi. Februari na Machi mahindi yangali mabichi shambani, ghala la nyumbani ni tupu, na ndipo utakapoona mtu mzima akienda kuazima kibaba cha unga kwa aibu. Wakati huo anayeombwa naye hana kitu.

Ningekuwa wewe, nisingetoa zaidi ya nusu ya fedha hiyo leo. Nusu ya pili ningeigawa mapema kwa nia maalumu. Kwanza ningekwenda kwa fundi cherehani wa kijijini, nikamlipa sare mbili za watoto ambao mwalimu mkuu anajua watazikosa, nikamwomba asinitaje. Kinachobaki ningekiacha benki hadi Februari, kisha nimwulize mwenyekiti wa kitongoji na yule mama anayezalisha wanawake ni jiko gani haliwaki. Wapo waliosajiliwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, katika mpango wa kunusuru kaya maskini, na wapo walioikosa orodha hiyo kwa sababu siku ya mkutano wa kijiji walikuwa wagonjwa. Hao wa pili ndio ningewatafuta.

Nasema haya kwa kuwa nami nilikosea. Miaka kadhaa iliyopita, hapa Mtwara mjini, niliwahimiza wenzangu kazini tukachanga magunia matatu ya mchele kwa ajili ya makao ya watoto. Tulipiga picha getini, tukapeana mikono, tukaondoka. Wiki ya pili nilipita peke yangu asubuhi, nikawakuta watoto wamekaa kwenye mkeka, kila mmoja na kikombe cha plastiki cha uji mwepesi usio na sukari, na mpishi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mchele hakuuona jikoni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao kama hayo yawe na leseni, na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri angenijibu kwa dakika chache kama ninge­muuliza. Sikumuuliza. Hadi leo vile vikombe navikumbuka.

Swali: Nina duka Lindi mjini. Shirika moja lilikuja kuomba mchango, na taarifa yao inaonyesha sehemu ya fedha huenda kwenye mishahara na mafuta ya pikipiki. Je, huo si wizi? – Mwenye duka, Lindi

Jibu: Kaka, si wizi kwa kuonekana tu kwenye hesabu. Muuguzi anayepeleka chanjo Liwale wakati wa masika hawezi kufika bila petroli, na shirika lisilotumia senti kwa usimamizi huenda halina hata wa kuhesabu vyandarua vilivyogawiwa. Linganisha gharama na kazi. Waombe cheti cha usajili na hesabu zilizokaguliwa, kisha waulize walifika vijiji vipi mwaka jana na waliwahudumia watu wangapi. Baada ya hapo mpigie simu mtendaji wa kimojawapo cha vijiji hivyo, umwulize iwapo aliwahi kuiona hiyo pikipiki.