Ukinunua kiwanja kando ya ziwa, usianze na panga

Kosa langu la kwanza Luchelele, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, lilikuwa kuita vijana watatu wenye mapanga. Nilitaka nikikaa kibarazani nione ziwa. Kwa siku mbili wakafyeka matete na mafunjo yote, nikapanda mchicha na nyanya mpaka maji yanapoishia. Picha nikawatumia ndugu zangu wote.

Mvua za kwanza zikaniumbua. Udongo, samadi na mbolea ya dukani vyote viliporomokea ziwani, maji ya pale mbele yakawa kama chai ya maziwa, baadaye yakawa kijani. Ukingo ukamegeka hatua nne hivi. Na gugumaji, ambalo zamani nililiona likipita mbali na upepo, likaja kutia nanga kwangu.

Jirani yangu, mzee aliyevua tangu enzi za makasia, aliniacha nilalamike hadi nikachoka. "Ng'wanawane (mwanangu), umebomoa leba, halafu unauliza watoto wako wapi?"

Akanipeleka kwenye matete yake, tukachuchumaa. Chini, kwenye mchanga, kulikuwa na vishimo vya duara kama sahani: viota vya sato. Dume huchimba, jike hutaga, kisha huyabeba mayai mdomoni. Kamongo naye hutagia katikati ya mizizi, na dume ndiye anayelinda. Hata furu, wale samaki wadogo, wanajificha humo, maana sangara anayewala, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, hastahimili maji yenye hewa haba kama ya humo.

Kumbe ukanda ule wala haukuwa wangu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mimi nilikuwa nimelima mpaka mita sifuri.

Kwa hiyo bustani ihamishie juu. Acha kinjia kimoja chembamba cha kwenda majini, tena kipinde kidogo; kikinyooka, mvua inakigeuza mfereji. Mafunjo yanarudi ukichomeka vipande vya mizizi yake kwenye tope. Vyangu vya kwanza vilibebwa na mawimbi vyote, vya pili nikavifunga kwenye vigingi vya miti, vikashika.

Gugumaji ling'oe mapema, kabla halijatoa maua, kwa sababu mbegu zake hukaa topeni miaka mingi zikisubiri. Lirundike mbali na maji likauke. Dawa ya kuua magugu usiiguse kabisa, watu wanachota pale maji ya kunywa. Na vaa mabuti marefu! Mimi nilijifanya mwanaume, nikaishia kumeza vidonge vya kichocho.

Kuhusu wanaokuja usiku kuvuta kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota hadi ufukweni, kwenye mazalia: usiende kuwafokea. Niliwahi kufanya hivyo, asubuhi nikakuta kamba ya mtumbwi wangu imekatwa. Peleka taarifa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) ya mwalo wenu, taja saa na mahali, acha wao wenye mamlaka washughulike. Kokoro limepigwa marufuku, huhitaji kubishana na mtu kuhusu hilo.

Matete sasa yamenizidi kimo, na kutoka kibarazani hakuna maji yanayoonekana. Mama watoto hakufurahi. Nimemchongea benchi juu ya jabali nyuma ya nyumba, na jioni huko anaona hadi mitumbwi ya dagaa ikiwasha taa.