Je, kila mfinyanzi unaopasuka ni vertisoli?

Hapana. Vertisoli ni kundi la udongo wa mfinyanzi unaovimba sana ukilowa na kunywea na kupasuka ukikauka, lakini nyufa peke yake hazitoshi, na weusi ndio kabisa hauthibitishi kitu: vertisoli nyingi ni nyeusi huku zikiwa na mboji kidogo, na zipo za kijivu na hata nyekundu.

Chimba shimo la mita 1 udongo ukiwa mkavu. Ng'oa bonge kwa kisu usilikate, maana ubapa wa kisu huacha mng'ao wa uongo. Unachotafuta ni nyuso zinazong'aa zenye michirizi kama zimepigwa msasa, zimelala mshazari, na mabonge yenye umbo la kabari. Hiyo ni alama ya udongo kusuguana wenyewe kwa wenyewe unapovimba, kazi ya madini ya smektaiti. Tabaka lenye alama hizo liwe na unene wa sm 25 au zaidi na lianzie ndani ya sm 100 za juu. Mfinyanzi usipungue asilimia 30 kuanzia juu hadi hapo. Kukiwa na mwamba au mchanga kabla ya kina hicho, jina linabadilika.

Kwa makadirio, finyanga kijiti cha sm 10 kwa udongo wenye unyevu, kikaushe, kipime. Kikibaki sm 9.4 au chini, unavimba vya kutosha.

Katika mfumo wa Marekani wa kuainisha udongo, vertisoli za jangwani huitwa Torrerts: nyufa hazikai zimefungwa siku 60 mfululizo. Kwa hiyo usiainishe kwa ziara moja ya masika.